Kamera nayo ipige hodi

Marehemu mamangu alituachia picha tatu. Ya kwanza ni ya kitambulisho, uso umekazwa kama wa mtu aliyeitwa kwa chifu. Ya pili ni ya pasipoti, aliyopigwa alipojiandaa kwenda Hija. Ya tatu nilimpiga mimi mwenyewe jikoni. Ameketi juu ya mbuzi anakuna nazi, kanga imemteremka mabegani, nywele za mvi zimesukwa twende kilioni, na anacheka neno alilotupiwa na dadangu. Hakujua kuwa nina simu mkononi. Nilikuwa karibu naye hata nazi iliyomganda vidoleni inaonekana.

Ukitaka kujua mamangu alikuwa mtu gani, hiyo ya tatu ndiyo itakayokwambia. Na hiyo ndiyo nisiyoweza kukuonyesha.

Siku ya pili ya msiba, binamu yangu aliiweka kwenye stetasi yake ya WhatsApp pamoja na maneno ya kumuombea rehema. Nia yake ilikuwa njema, sina shaka na hilo. Kufikia alasiri picha ilikuwa imeingia kwenye makundi mawili ya mtaa, na baadhi ya wanaume waliokuja kutupa mkono wa tanzia walikuwa nayo kwenye simu zao. Dadangu alilia upya. Mama hakuwahi kufungua mlango bila kujifunika. Hata muuza maji akibisha, alitafuta mtandio kwanza ndipo akaitika. Leo nywele zake zilikuwa zimeonwa na watu ambao hakuwahi kuwapa hata mkono.

Tulipouliza picha imetokaje, jibu lilinirudia mwenyewe. Mimi ndiye niliyeituma kwenye kundi la familia miezi kadhaa nyuma, kundi lenye watu zaidi ya 60, nikaandika "Mama na mbuzi wake" nikacheka. Binamu yangu aliitoa picha barazani. Aliyeitoa jikoni ni mimi.

Sisemi haya ili watu waache kupiga picha. Masheikh wetu wametofautiana kuhusu picha tangu kamera ilipoingia pwani hii. Wapo wanaozikataa isipokuwa kwa dharura kama kitambulisho na pasipoti, na wapo wanaoona picha ya kamera ni kama sura iliyo kwenye kioo. Sitaingia katika hukumu hiyo, maana si kazi yangu. Ninachosema ni kwamba hata yule anayezikubali picha hana ruhusa ya kuvunja sitara ya mtu. Na picha tunazozipenda zaidi leo, zile za karibu ambazo mtu hakujipanga, ndizo zinazoigusa sitara hiyo kuliko nyingine zote.

Wazee wetu walikuwa na utaratibu wao. Ulitoka nyumbani ukaenda studio. Mombasa kulikuwa na studio ya Parekh, na Lamu ya Bakor, na nyumba nyingi za pwani bado zina picha za zama hizo. Ulivaa nguo ya sikukuu, ukaketi mbele ya pazia, mpiga picha akakwambia inua kidevu, na ukajua kwamba unapigwa. Picha ikirudi iliwekwa kwenye albamu, albamu ikawekwa kabatini, na mwenye nyumba ndiye aliyeamua mgeni gani ataonyeshwa. Hata wakati ule kuna kina mama waliouliza negativu imebaki kwa nani. Walijua kuwa kuna nakala nje ya nyumba, na iliwakosesha raha.

Simu imelibadilisha hilo pande zote mbili. Kamera sasa iko ndani, chumbani na jikoni, mkononi mwa mtoto wa darasa la sita. Na albamu haiko tena kabatini. Iko kwenye kila simu iliyopokea.

Aliyeingia katika nyumba za zamani za mawe za Lamu anaelewa ninachokieleza. Nyumba zile zimejengwa kwa daraja. Nje kuna daka, hapo mgeni huketi akanywa kahawa na asione kitu. Kisha kuna kiwanda, kisha msana, na mwisho kabisa kuna ndani, mahali pa mwenyewe. Mtu husogea kutoka daraja moja hadi nyingine kwa idhini. Hata wa nyumbani hupiga hodi. Sura ya An-Nur, katika aya ya 58, imetaja nyakati tatu ambazo hata watoto wadogo wa nyumba wanatakiwa kuomba idhini kabla ya kuingia: kabla ya swala ya alfajiri, adhuhuri watu wanapovua nguo wapumzike, na baada ya swala ya isha. Ikiwa mtoto wa nyumba anatakiwa apige hodi, kamera imepata wapi ruhusa ya kuingia wakati wowote?

Tatizo ni kwamba picha ninazozisema hazikubali hodi ya mwanzo. Ukimwambia mtoto "nakupiga picha," atasimama wima na kutoa meno yote. Ukimwambia bibi, atakwambia subiri nivae. Uzuri wa picha ile ni kwamba mtu alikuwa kwao, hakujua anatazamwa. Basi kama hodi haiwezi kupigwa kabla ya picha, ni lazima ipigwe baada yake, kabla picha haijatoka nyumbani. Hiyo ndiyo hoja yangu yote. Kumpiga mwanao picha akiwa amelala si kosa. Kosa ni kudhani kwamba kwa kuwa ulikuwa na haki ya kuwepo chumbani, una haki pia ya kukiingiza chumba hicho mji mzima.

Sheria ya nchi nayo ina neno hapa. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha ya kila mtu, yakiwemo mambo ya familia yake. Kifungu cha 53 kinasema maslahi ya mtoto ndiyo yatangulie katika kila jambo linalomhusu. Kisha ikaja Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, ambayo kifungu chake cha 33 kinakataza kushughulika na data ya mtoto bila idhini ya mzazi au mlezi, na hata hiyo idhini ikiwepo, ni lazima jambo lenyewe liwe na manufaa kwa mtoto. Picha ya uso ni data. Sheria ya Watoto ya 2022 nayo inalinda faragha ya mtoto.

Haya si maandishi ya kabatini. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, chini ya Bi. Immaculate Kassait, iliitoza Roma School ya Uthiru, Nairobi, faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi wadogo bila idhini ya wazazi. Wakati huohuo mahali pa starehe paitwapo Casa Vera, jijini Nairobi, palitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja ambaye hakuulizwa. Kwa mujibu wa sheria hiyo, faini inaweza kufika shilingi milioni 5, au asilimia moja ya mapato ya mwaka ya biashara, ile iliyo ndogo.

Nikiwaeleza watu hivi barazani, wengi hushtuka wakadhani polisi watakuja kuchungulia simu zao. La. Kifungu cha 51 kinamwacha nje mtu anayeshughulika na data kwa mambo yake binafsi au ya nyumbani tu. Picha ya mwanao iliyo kwenye simu yako si shughuli ya Kamishna. Lakini ukimtumia mwana wa jirani kutangaza kanzu na vikoi unavyouza mtandaoni, hayo si mambo ya nyumbani tena. Na pale sheria inapoishia, yaani baina yako na binamu yako, baina yako na mwanao, hapana afisa wa kukusaidia. Hapo pamebaki adabu, na adabu hiyo ndiyo tulidai sisi watu wa pwani kuwa nayo kabla ya sheria hizi kuandikwa.

Nitazame sehemu mbili ambapo mimi naona tunateleza zaidi.

Ya kwanza ni madrasa na shule zetu. Kila Maulidi, kila khitma, kila siku ya kufunga shule, kurasa za Facebook hujaa nyuso za watoto, na mara nyingi jina la mtoto, la darasa na la mtaa yameandikwa chini. Mwalimu anajivunia, mzazi anafurahi, na mimi pia hufurahi. Lakini hebu tujiulize mtu asiye na nia njema anapata nini hapo. Anapata uso, jina, mahali mtoto anaposoma na saa anazotoka. Siku hizi zipo programu za akili unde zinazochukua uso wa mtoto na kuutia kwenye picha chafu, na haihitajiki zaidi ya picha moja iliyo wazi. Ustadhi akiwa na karatasi moja tu ya idhini siku mzazi anapomsajili mwanawe, yenye swali moja, "Je, picha ya mwanao itumike nje ya madrasa, ndiyo au la?", atakuwa ameilinda madrasa yake na faini na ameulinda uso wa mtoto. Na aliyejibu la asitengwe siku ya kupiga picha ya pamoja. Apigwe, na nakala ile ikae ofisini.

Ya pili ni sadaka. Hili najua litawaudhi baadhi ya wasomaji, lakini nitalisema. Kila Ramadhani tunaona picha za karibu za watoto mayatima na kina mama wajane wakipokea unga, mchele na tende. Mtoto ameshika paketi ya unga wa kilo mbili, macho yanatazama chini, na nyuma yake kuna bango la mfadhili kubwa kuliko yeye. Nani aliyempa idhini mpiga picha? Babake hayuko, na mamake alikuwa kwenye foleni. Mtu mwenye njaa ukimuuliza "tukupige picha?" huku umeshika unga wake, hilo haliwi swali.

Waandalizi wa sadaka hizo hunieleza kwamba wafadhili wanataka ushahidi, na wasemayo ni kweli. Mtu aliye London au Muscat aliyetuma pesa zake ana haki ya kujua zimefika. Lakini ushahidi si lazima uwe uso. Piga picha ya magunia kabla ya kugawa. Piga mikono inayopokea. Piga foleni kutoka nyuma. Weka risiti ya duka na orodha iliyotiwa sahihi, na umruhusu mfadhili atume mtu wake aje kuhesabu. Dini yetu imetufundisha ubora wa sadaka ya siri, na siri hiyo ni heshima ya anayepokea pia. Yule mtoto atakuwa kijana wa miaka 20 anayetafuta kazi, au bwana harusi anayekwenda kuposa, na picha ya unga bado itakuwepo.

Upo upande wa pili, nao una uzito wake. Wengi wetu tuna dada na wake walio Saudia, Qatar na Oman, wanaofanya kazi za nyumbani kwa mkataba wa miaka miwili. Mama huyo amemwacha mtoto wa miaka mitatu kwa nyanya. Anachoomba kila usiku, simu ikishika mtandao, ni picha. Hataki picha ya Idi mtoto amevaa shati jipya. Anataka kuona jino limeng'oka wapi, kidonda cha goti kimepona vipi, mtoto analala na kanga ipi. Ukimwambia mama huyo kuwa picha za karibu ni fitina, utakuwa umemdhulumu. Kwake yeye picha hiyo ndiyo malezi aliyobakiwa nayo. Basi mpigie, tena kila siku. Lakini mtumie yeye, kwenye namba yake, na sio kundi la watu 60 kwa kuwa yeye yumo.

Na kwa kuwa nimesema mpigie, basi ipigwe picha iliyo nzuri. Miaka ya kuandika habari za mitaa imenifunza machache. Futa kioo cha kamera kwa kitambaa kwanza, maana simu zetu zina mafuta ya vidole. Usimpige mtoto ukiwa umesimama. Keti chini, macho yako yalingane na yake. Jua letu la saa sita mchana huyatia macho kiza, kwa hivyo ngoja baada ya alasiri, au mkalishe karibu na dirisha na uzime fleshi. Akiwa amevaa kanzu nyeupe au ameegemea ukuta uliopakwa chokaa, simu huidanganya na weupe ule ikampaka uso weusi. Gusa uso wake kwenye kioo cha simu, mwanga utakaa sawa. Usiisogeze simu mpaka puani, kwani pua itavimba. Rudi nyuma hatua moja au mbili kisha kuza picha kidogo. Na usimwambie cheka. Mpe kazi, mwache achambue mchele au afunge kamba za viatu, nawe nyamaza. Picha itakuja yenyewe.

Ikishakuja, ndipo hodi inapoanza. Mimi sasa nina maswali matatu kabla picha haijatoka simuni. Mwenye picha angekuwa amekaa hapa, je, angeniachia niionyeshe? Ninayemtumia ni mtu wa dakani au wa ndani? Na miaka 20 ijayo, picha hii itampa mwenyewe furaha au haya? Mtoto aliyefikia umri wa kujieleza aulizwe mwenyewe. Asiyefika, uamuzi ni wangu, lakini niuamue kama mtu aliyewekewa amana na ambaye siku moja itadaiwa.

Kuna hatua ndogo za kufanya leo kabla hujalala. Ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp utazame stetasi yako inaonwa na nani. Wengi wana namba za mafundi, madalali na watu waliouziana nao simu, na wote hao wanawaona watoto wao. Kumbuka kwamba stetasi hufutika baada ya saa 24, lakini skrinshoti haifutiki. Zima utaratibu wa simu kujihifadhia kila picha inayoingia kutoka makundi. Picha za mtoto akiwa anaoga, uchi au nusu uchi, zisitumwe hata kwa mamake wa Riyadh, kwani simu huibwa na hupelekwa kwa fundi. Na zile picha mbili tatu zilizo bora, zichapishe kwenye karatasi. Ziweke mahali pakavu, kwa sababu unyevu na chumvi ya bahari yetu havina huruma na karatasi. Simu ikianguka majini, utashukuru.

Na kama picha ya mwanao imetumiwa na shule, duka au shirika bila idhini yako, anza kwa kuwaendea kwa heshima na uwaombe waiondoe. Wakikataa, sheria inakuruhusu kumlalamikia Kamishna wa Ulinzi wa Data, kwa maandishi au kwa mdomo, na inamtaka amalize uchunguzi ndani ya siku 90. Weka skrinshoti yenye tarehe kabla hawajaifuta.

Binti yangu sasa ana miaka 12. Mwaka jana wenzake shuleni waliipata picha niliyoiweka Facebook siku yake ya kwanza ya chuo, akiwa mdogo, analia, kamasi inamtoka, mtandio umekwenda upande. Wakaifanya stika ya WhatsApp. Ikawa kila anayetaka kumwonyesha mwenzake kwamba amehuzunika hutuma uso wa binti yangu. Hakunilaumu kwa ukali. Aliniuliza tu, "Baba, kwani hukuweza kuniuliza?" Nilitaka kumjibu kuwa wakati ule alikuwa mdogo, nikaona jibu hilo linanishtaki zaidi. Niliifuta usiku uleule, lakini stika inaendelea kutembea.

Wiki iliyopita nilimkuta amekaa chini ya dirisha anasoma, mtandio umeteleza, kidole mdomoni kama alivyokuwa akifanya akiwa mtoto. Nilipiga moja, nikakaa kando yake, nikamwonyesha. Aliitazama kwa muda mrefu, akaikuza, akatazama macho yake mwenyewe.

"Hii ni nzuri," akasema. "Iweke. Lakini usimtumie mtu."

Nimeichapisha. Iko kwenye droo moja na ile ya nyanyake anayekuna nazi, na ufunguo anao dadangu.